SOMO: KIPEPEO MRUKAJI WA MISITU YA MILIMANI

Katika misitu ya milima ya Afrika Mashariki huishi kipepeo mdogo ambaye wataalamu humwita Metisella medea. Mabawa yake ni ya hudhurungi iliyokoza, yenye mabaka ya manjano. Yumo katika jamii ya vipepeo warukaji, waitwao hivyo kwa kuwa huruka kwa kasi na kwa kushtukiza. Mwili wao ni mnene, na ncha za vipapasio vyao zimepinda kama ndoana.

Viwavi wa kundi la Metisella hula nyasi. Kiwavi hulikunja jani la nyasi, hulifunga kwa nyuzi azitoazo kinywani, kisha hujificha humo. Majani ya mbuni si chakula chake.

Jambo hili lamhusu mwanachama na fedha zake. Mkulima aonapo nyasi zilizokunjwa kando ya shamba huweza kudhani adui ameingia, akaomba dawa kwa mkopo. Deni hilo hukatwa katika malipo ya kahawa yake, na dawa yenyewe huweza kuua nyuki pia. Yafaa katibu aulize kwanza: mdudu ameonekana juu ya mmea gani, naye anakula nini?

Tena, nyasi za ukingo wa msitu zikichomwa, kiwavi hukosa chakula na makazi.

Maswali ya majadiliano:
1. Kipepeo mrukaji hutambuliwaje?
2. Chama kifanye nini kabla ya kutoa dawa kwa mkopo?