Usikubali Kompyuta Ifutwe kwa Ajili ya CV

Mdogo wangu, ujumbe wako nimeusoma usiku na sikutaka ulale na wasiwasi. Unasema tangu kaka yako aweke LibreOffice kwenye kompyuta yenu, CV uliyoiandika kwa Word inafunguka huko na majedwali yamehama. Fundi naye anataka kuifuta mashine yote aanze upya. Mwambie asubiri. CV yako ni ileile. Kilichobadilika ni miwani ya kuisomea.

Kompyuta ikitaka kujua faili ifunguliwe na programu gani, hutazama herufi za mwisho wa jina lake, zile zinazofuata nukta: docx, pdf, xlsx. Kila aina imepangiwa programu yake, na mpango huo unaweza kubadilishwa wakati wa kusakinisha programu mpya. Huwa tuna haraka, tunabonyeza Next mpaka mwisho bila kusoma.

Kama mna Windows 11, bonyeza faili yako kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Open with, halafu Choose another app. Chagua Word, kisha bonyeza Always. Hapo wengi hukosea: wanabonyeza Just once, kesho yake tatizo linarudi. Kwenye Windows 10, weka alama ya vema penye Always use this app kabla ya kubonyeza OK. Mwenye Mac aichague faili, abonyeze Command na I, abadilishe programu chini ya Open with, amalizie na Change All.

Barua za zamani zinazoishia na doc, mtindo uliotumika kabla ya Word ya 2007, zina mpango wao. Rudia hatua hizohizo kwa moja tu, nyingine zitafuata.

Tafadhali usiibadilishe faili jina ukadhani umeigeuza. Kufuta pdf na kuandika docx hakuifanyi kuwa ya Word. Inabaki PDF yenye jina la uongo, na Word inaweza kukataa kuifungua.

Na kaka yako usimnunie. LibreOffice ni programu nzuri, tena ya bure, na pengine ndiyo inayomfaa kwa kazi zake. Fungueni akaunti mbili kwenye Windows, yako na yake, maana mpango huu hukaa kwa kila mtumiaji peke yake. Yeye afungulie anakotaka, nawe hivyohivyo.

Kama uliigusa CV ukiwa LibreOffice na ukaihifadhi, ipitie upya ndani ya Word, mstari kwa mstari, hasa majedwali na tarehe za kazi. Ikikaa sawa, ihifadhi pia kama PDF, na hiyo PDF ndiyo umtumie mwajiri, aione kama ulivyoipanga wewe.