Upepo Unaogeuka: Somo la Kimbunga na Nyumba

Wakazi wengi wa mwambao wetu wamezoea kudhani kwamba kimbunga ni balaa la nchi za mbali. Dhana hiyo ina asili yake. Dhoruba ya bahari haiwezi kuzunguka ipasavyo bila kusaidiwa na mzunguko wa dunia, na msaada huo ni hafifu sana karibu na ikweta. Kwa hiyo vimbunga vingi vya upande wetu wa Bahari ya Hindi hupita kusini zaidi, vikielekea Madagaska na Msumbiji.

Lakini jambo la nadra si jambo lisilowezekana. Tarehe 15 Aprili, 1872, kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha vyombo bandarini na kuangusha mikarafuu na minazi mingi. Tarehe hiyo hiyo katika mwaka 1952, kimbunga kingine kiliifikia Lindi. Mwezi Mei 2024, Hidaya kilifika Mafia kikiwa kimekwisha kupungua nguvu.

Kimbunga hufanya kazi namna gani?

Kimbunga hupata nguvu zake kutokana na mvuke wa bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27 za Sentigredi, au zaidi. Mvuke hupanda, hugeuka mawingu, na kutoa joto linalozidi kuivuta hewa juu. Hewa ya pembeni hukimbilia mahali hapo, nayo hulazimika kuzunguka. Katika nusu ya kusini ya dunia huzunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Katikati hubaki mahali patulivu paitwapo jicho la kimbunga, ambapo mara nyingi pana upana wa kilometa 30 hadi 60. Upepo mkali kuliko wote huvuma ukutani mwa jicho hilo.

Yapasa msomaji akumbuke kanuni moja: kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Ikiongezeka mara tatu, msukumo huwa mara tisa.

Mfano wa nyumba moja

Tuchukue mfano wa kubuni. Mume na mke vijana wanaishi Lindi katika nyumba ya matofali yenye paa la bati, juu ya kilima. Redio inatangaza kwamba baada ya siku mbili kimbunga kitafika kutoka mashariki.

Swali la kwanza ni hili: wakae au wahame? Kimbunga husukuma bahari ikapanda nchi kavu, na mara nyingi maji huua watu wengi kuliko upepo. Aliye karibu na ufuko, bondeni, au katika nyumba dhaifu, hana budi kuhama mapema. Nyumba ya vijana hawa ni imara, nayo iko juu. Basi wanakaa, na wanamchukua mama wa mke, ambaye nyumba yake iko karibu na pwani.

Mume anaanza kupigilia mbao kwenye madirisha ya kusini. Amefikiri vema: kimbunga kikiwa bado mashariki, upepo wake hufika Lindi ukitoka kusini. Amalizapo anaweka nyundo chini. Mkewe anamwuliza, "Na madirisha ya kaskazini, mume wangu?"

Swali hilo ndilo kiini cha somo letu. Jicho likishapita juu ya nyumba, upande wa pili wa duara hufika, na upepo huanza kuvuma kutoka kaskazini. Nyumba iliyozibwa upande mmoja tu imetayarishwa kwa nusu ya kimbunga. Tena isidhaniwe kwamba kuacha dirisha wazi kutapunguza msukumo. Upepo ukiingia ndani huisukuma bati kutoka chini, na upepo upitao juu huivuta. Ndipo paa hung'oka.

Basi wanaziba pande zote. Wanakaza kenchi kwa waya, hasa penye upenu, maana hapo upepo hupata mahali pa kuinulia paa. Wanajaza maji safi kwenye madumu, lita 4 kwa kila mtu kwa siku, ya kutosha siku tatu. Wanaweka tayari chakula kisichohitaji kupikwa, tochi na redio ya betri. Jiko la mkaa haliwashwi katika chumba kilichofungwa, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua.

Usiku upepo wa kusi unavuma kwa saa nyingi. Wote watatu wamekaa katika chumba cha ndani kisicho na dirisha. Mara upepo unakoma, na nyota zinaonekana. Mume anashika komeo la mlango. Anataka kukimbilia pwani kuitazama mashua yake. Mkewe anamzuia, "Upepo haujaisha, unageuka." Kabla ya saa moja kupita, mbao za kaskazini zinaanza kupigwa kwa nguvu.

Laiti angalitoka, upepo ungalimkuta njiani. Utulivu wa ghafla katikati ya kimbunga si dalili ya salama. Mtu asitoke mpaka wataalamu wa hali ya hewa watangaze kwamba hatari imepita. Na atokapo asiguse nyaya zilizoanguka, wala asinywe maji ya kisima kilichofurika kabla ya kuyachemsha.

Zoezi

1. Jicho lina upana wa kilometa 40, na kimbunga kinakwenda kilometa 20 kwa saa. Ikiwa katikati ya jicho itapita juu ya nyumba yako, utulivu utadumu saa ngapi?
2. Kimbunga kikitoka mashariki, ukuta upi wa nyumba yako utapigwa kwanza, na upi baadaye?
3. Leo, kabla ya tangazo lolote, tazama paa lako. Ni kitu gani kinachoishikiza kenchi ukutani?