Kiyoyozi cha Gari Kimetiwa Gesi, Mbona Hakitoi Baridi?

Ndugu wanakikundi, kama mna gari la kukodisha, kumbukeni hili: gesi ya kiyoyozi haiishi kama petroli. Inazunguka ndani ya paipu zilizofungwa. Ikipungua, imevuja. Kuongeza gesi bila kuziba tundu ni kumwaga pesa za kikundi.

Kabla ya kulipa tena, washeni injini na kiyoyozi. Mikono iwe mbali na mkanda na feni. Tazameni:

1. Je, klachi ya kompresa inashika na kuzunguka? Isiposhika, angalieni fyuzi na nyaya.
2. Je, feni ya mbele inazunguka? Kondensa, ile iliyo mbele ya radieta, imejaa vumbi au matope? Zimeni injini, muioshe polepole.
3. Je, kuna mafuta mafuta kwenye maungio ya paipu? Huenda ndipo panapovuja.

Gesi ikizidi, baridi hupungua vilevile. Fundi apime kwa geji, asikisie. Paipu zikifunguliwa, hewa na unyevu vitolewe kwa pampu kabla ya kujaza. Msizifungue wenyewe: gesi hiyo huunguza ngozi na macho kwa baridi yake.

Swali la kujadiliana: Je, fundi wetu alitafuta tundu kwanza?