Somo la Afya: Kiharusi, na Kazi ya Kumwinua Aliyepooza

Katika somo hili twataka kunena habari ya ugonjwa uitwao kiharusi, ambao wengine huuita kupooza. Ni ugonjwa ujao ghafula. Mtu alilala mzima, akiamka mkono hauinuki na mguu hauna nguvu. Au yu shambani akipalilia alizeti, mara jembe lamponyoka mkononi, na maneno yake hayafahamiki tena. Watu wa nyumbani hushikwa na hofu, na katika hofu hiyo hufanya mambo mengi, mengine ya kufaa na mengine ya kudhuru. Kwa hiyo yatupasa kujifunza kabla ya siku ile kufika, kwa maana siku yenyewe haina nafasi ya kujifunza.

Tena watu wengi hudhani ya kuwa mwisho wa kiharusi ni mmoja katika miwili: ama mgonjwa hufa, ama hubaki vile vile alivyo. Sivyo. Uko mwisho wa tatu, nao ndio kiini cha somo letu: mgonjwa aweza kurudishiwa sehemu ya nguvu zake, pengine sehemu kubwa, na kazi hiyo hufanywa zaidi nyumbani, kwa mikono ya jamaa zake.

1. Kiharusi ni nini?

Ubongo wa mtu huishi kwa damu iletwayo na mishipa. Mfano wake ni mfereji uletao maji katika matuta ya vitunguu. Mfereji ukizibwa, tuta la mbele hunyauka. Ukipasuka, maji hufurika na kubomoa matuta. Kadhalika kiharusi kina namna mbili: mshipa wa ubongo umezibwa na bonge la damu, au mshipa umepasuka na damu imemwagika. Kwa namna zote mbili, sehemu ile ya ubongo yakosa chakula chake nayo yaanza kufa.

Upande wa kushoto wa ubongo hutawala mkono na mguu wa kuume, na upande wa kuume hutawala wa kushoto. Kwa hiyo aliyepooza upande mmoja ameumia upande wa pili wa kichwa.

Habari hizi si ngeni. Mwaka 1658 tabibu wa Uswisi, jina lake Johann Jakob Wepfer, aliandika kitabu juu ya watu waliokufa kwa ugonjwa huu. Alikuwa amewapasua vichwa akaona damu imemwagika ndani ya ubongo. Na mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alimchunguza mtu aliyeweza kutamka neno moja tu, "tan". Alipokufa, Broca aliona jeraha katika ubongo wake upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Tangu hapo ilijulikana ya kuwa mtu aweza kupotewa na usemi bila kupotewa na akili. Jambo hilo tulishike sana, maana tutalihitaji mbele.

Wengine husema kiharusi ni upepo mbaya, au jini, au mkono wa adui. Wataalamu waliowahoji watu wa Dar es Salaam na wa Wilaya ya Hai, wakaandika habari zao mwaka 2008, waliona ya kuwa mjini ndiko wengi walikotaja majini na uchawi. Huko Hai mashambani watu walitaja zaidi sababu za mwili, kama shinikizo la damu. Basi tusidhani ya kuwa dhana hizo ni za watu wa mashamba tu. Nazo zina hasara mbili: mgonjwa hupelekwa kwanza kusikotibiwa ubongo, na jirani asiye na kosa huchukiwa bure.

2. Je, ugonjwa huu ni wa wengi?

Toka mwaka 2003 hata 2006 daktari Mwingereza Richard Walker na wenzake waliwahesabu watu walioshikwa na kiharusi mara ya kwanza katika Hai na katika sehemu za Dar es Salaam. Baada ya kulinganisha umri wa watu, waliona ya kuwa katika watu 100,000 wa Hai karibu 109 walishikwa kila mwaka, na Dar es Salaam karibu 316. Hesabu ile ya mji ilikuwa kubwa kupita za nchi nyingi za Ulaya. Basi asiwepo asemaye ya kuwa huu ni ugonjwa wa Wazungu au wa matajiri.

3. Jinsi ya kuutambua, na la kufanya

Ziko dalili tatu za kukumbuka, na la nne ni saa.

Uso: mwambie mgonjwa acheke. Je, mdomo umeteremka upande mmoja?
Mkono: mwambie ainue mikono yote miwili. Je, mmoja waanguka?
Usemi: mwambie aseme maneno machache. Je, ulimi ni mzito, au maneno hayaeleweki?
Saa: ukiona hata dalili moja, angalia ni saa ngapi, tena uulize mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi. Kisha mpeleke hospitali mara hiyo.

Pengine dalili huja na kuondoka kwa muda mfupi, na watu hufurahi wakisema, "Amepona." Lakini dalili ya mvua ni mawingu. Kiharusi kidogo kilichopita chaweza kufuatwa na kikubwa katika siku chache. Mtu huyo naye apelekwe.

Yako mambo ya kujizuia. Msimpe chakula wala maji wala dawa ya kunywa, kwa maana huenda hawezi kumeza, na kitu kitaingia mapafuni. Msimpe aspirini kwa kubahatisha. Dawa hiyo hufaa kwa aliyezibwa mshipa, lakini kwa aliyepasukiwa yaweza kumzidishia damu; na namna hizi mbili hazitambulikani kwa macho, ila kwa picha ya kichwa ipigwayo kwa mashine. Msimchanje, wala msimkande kwa maji ya moto. Akiwa hana fahamu, mlazeni ubavu ili matapishi yasimzibe pumzi.

Sisi wa Singida twajua ya kuwa njia ni ndefu, hasa wakati wa mvua. Kiomboi na Iambi, ambako misioni ya Kilutheri ya Augustana ilianzisha kazi ya hospitali zamani, ni karibu kwa watu wa Iramba na Mkalama. Mjini Singida iko hospitali ya rufaa ya mkoa. Na kwa shida kubwa zaidi mgonjwa hupelekwa Hospitali ya Benjamin Mkapa huko Dodoma, au KCMC huko Moshi, au Muhimbili. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu yafaa kutolewa ndani ya saa nne na nusu, tena ni mahali pachache mno ipatikanapo. Je, aliyechelewa akae nyumbani? La, hasha. Hospitali hupima shinikizo la damu na sukari, huangalia kama mgonjwa aweza kumeza, na humkinga na homa ya mapafu. Mambo hayo huokoa watu wengi, hata pasipo dawa ile.

4. Kazi ya nyumbani

Mgonjwa akiruhusiwa kurudi, ndipo kazi yetu inapoanza. Sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki, lakini sehemu zilizo hai zaweza kufundishwa kushika kazi yake. Nazo hufundishwa kwa kurudia, kama mtoto ajifunzavyo kuandika. Maendeleo ya upesi huonekana zaidi katika miezi mitatu ya kwanza. Walakini hata baadaye mtu aweza kuendelea. Kwa hiyo miezi ile ya kwanza isipotee kwa kumwacha mgonjwa kitandani.

Kumlisha. Asilishwe akiwa amelala chali. Aketishwe wima, apewe kidogo kidogo, na baada ya kula abaki ameketi nusu saa. Akikohoa au sauti ikiwa ya maji maji kila amezapo, mwacheni, mkaulize hospitali. Uji mzito mara nyingi humezwa kwa urahisi kuliko maji matupu.

Kumgeuza. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na ngozi yake itazamwe mgongoni, nyongani na visiginoni. Kidonda cha kulala huanza kama alama ndogo, nacho chaweza kumwua mtu ambaye kiharusi hakikumwua.

Bega. Kamwe msimwinue kwa kumvuta mkono uliopooza. Bega lililolegea hung'oka mahali pake, na maumivu yake hukaa muda mrefu. Akiketi, mkono ule ulazwe juu ya mto au meza.

Kuketi na kusimama. Tuanze mapema, lakini kwa kiasi. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015, wa wagonjwa zaidi ya 2,000 katika nchi tano, wale walioinuliwa sana na mara nyingi toka siku ya kwanza hawakufanikiwa kama wale walioanzishwa polepole. Mwenda pole hajikwai. Hospitali ikiruhusu, aketi ukingoni mwa kitanda, kisha asimame akishikwa, kisha atembee. Fimbo aishike kwa mkono ulio mzima.

Mkono. Mazoezi mazuri ni kazi zile alizozizoea: kuchambua mboga, kukunja nguo, kushika kikombe, kusogeza mwiko. Mkono uliopooza upewe zamu yake kila siku, hata kama mkono mzima ungemaliza upesi. Ajaye kumsaidia asimfanyie kila kitu. Huruma ya namna hiyo humfunga mgonjwa.

Usemi. Hapa tukumbuke habari ya Broca. Asiyeweza kusema si mjinga, wala si mtoto, wala si kiziwi. Tumwambie maneno mafupi, tumwulize maswali ya "ndiyo" na "siyo", tumngojee ajibu, tusimjibie. Tena wengine wasioweza kutamka sentensi moja huweza kuimba wimbo walioujua tangu utoto. Basi nyimbo za ibada ya nyumbani zisiondolewe. Mgonjwa aimbe pamoja nasi.

Moyo. Karibu theluthi moja ya waliopata kiharusi huingiwa na huzuni nzito: hawataki kula, wala kufanya mazoezi, wala kuonana na watu. Huo nao ni ugonjwa, una dawa na una msaada. Tusiuhesabu kuwa ukaidi au upungufu wa imani.

5. Kuzuia kisije, na kisirudi

Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi 32, uliotangazwa mwaka 2016, ulionyesha ya kuwa viharusi 9 katika kila 10 vina sababu kumi ziwezazo kupunguzwa, na iliyo kuu ni shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha. Shinikizo hilo haliumi. Katika wazee wa Hai wenye miaka 70 na zaidi, karibu 7 katika 10 walikuwa nalo, na wengi wao hawakujua. Njia ya kulijua ni kupimwa. Likionekana 140 kwa 90 au zaidi, likarudia hivyo, yafaa kufuata maagizo ya tabibu.

Hapa wengi hujikwaa. Humeza vidonge mwezi mmoja, wakipimwa wameshuka husema, "Nimepona," wakaviacha. Kumbe kilichowashusha ndicho kile walichokiacha. Vidonge hivyo, kwa walio wengi, ni vya maisha yote.

Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku nzima, pamoja na ile iliyomo katika vyakula vya dukani. Tumbako na pombe nyingi viachwe. Mwenye kisukari atunze dawa zake. Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu akionyesha dalili tulizozitaja apelekwe upesi, kwa kuwa kiharusi hushika hata watoto wa namna hiyo.

6. Neno kwa wawatembeleao wagonjwa

Katekista au mzee wa usharika aingiapo katika nyumba ya aliyepooza, pamoja na kuomba na aulize mambo manne: Je, anameza vizuri? Je, vidonge viko? Je, leo ameketi au kusimama? Na la nne, ambalo husahauliwa: anayemtunza amelala usiku? Maana mara nyingi ni mke au binti mmoja anayegeuza, anayelisha, anayefua, anayechota maji, na kulima juu yake. Huyo akiugua, wawili wameanguka. Wanawake wa usharika wakigawana zamu, mmoja asubuhi na mwingine jioni, wamefanya dawa isiyouzwa dukani. Tena mgonjwa awezapo kutoka, atengewe kiti karibu na mlango wa kanisa, wala asifichwe nyumbani kana kwamba kupooza ni aibu.

Maswali ya kujifunza

1. Kiharusi kina namna ngapi, na kwa nini aspirini isitolewe kwa kubahatisha?
2. Taja dalili tatu, na ueleze kwa nini twaangalia saa.
3. Kwa nini mgonjwa asilishwe akiwa amelala, wala asivutwe mkono?
4. Asiyeweza kusema, tuseme naye jinsi gani?
5. Ni nani katika mtaa wako amepooza, na nani anamtunza? Juma hili utamsaidia huyo mtunzaji kwa kazi gani?