Taa ya breki ya mbele imegoma

Swali: Msomaji wa Biharamulo ana Honda XL 125 ya zamani. Akikanyaga breki ya mguu, taa ya nyuma inawaka. Akibana ya mkono, haiwaki. Aanzie wapi?

Jibu: Balbu na fyuzi asiviguse, maana breki ya mguu imeshathibitisha kuwa ni vizima. Lawama ni ya swichi ndogo iliyo kwenye egemeo la mkono wa breki, au waya zake mbili. Vumbi jekundu la kiangazi hujipenyeza humo, na mvua ikinyesha hugeuka tope.

Achomoe waya zote mbili, awashe ufunguo, kisha aziunganishe kwa kipande cha waya. Taa ikiwaka, swichi ndiyo mbovu. Isipowaka, waya umekatika, mara nyingi pale unapojikunja usukani ukigeuka.

Kabla ya kununua nyingine, abonyeze kipini cha swichi: kikinata, akisafishe, vituo vya shaba vyenye kutu ya kijani avipitishie msasa laini.

Asikubali fundi aunganishe waya moja kwa moja. Taa itawaka muda wote, na dereva wa lori anayemfuata usiku kutoka Lusahunga kwenda Ngara na Rusumo hatajua lini pikipiki inasimama.