Sola, umeme wa nguzo au bayogesi? Piga hesabu kabla ya kulipa

Vijana wenzangu wa Karagwe na Kyerwa, swali ninaloulizwa sana siku hizi halihusu mbegu wala dawa. Ni hili: "Afisa, ninunue pampu ya sola au nisubiri nguzo zifike bondeni?" Inategemea kazi unayotaka kufanya.

Kwanza tukubali kwamba nchi imepiga hatua. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9, jumla megawati 2,115, na mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Huku kwetu kuna Rusumo, megawati 80 tunazogawana na Rwanda na Burundi. Pale Murongo, Kyerwa, Mto Kagera huo huo unazalisha megawati 14, nusu yetu, nusu ya Uganda. Kwa mkoa ulioishi miaka mingi kwa umeme wa kununua Uganda kupitia Masaka hadi Kyaka, hilo siyo jambo dogo.

Ila umeme kuzalishwa Murongo haina maana umefika shambani kwako. Waya unafuata barabara na nyumba, na nyumba zetu ziko juu ya vilima. Bonde unakolima nyanya halina nguzo hata moja. Tena laini nyingi za vijijini ni za njia moja, wakati mashine kubwa ya kukoboa kahawa au kusaga inataka njia tatu. Kwa hiyo kabla hujanunua mota, nenda TANESCO ukaulize laini yenu ni ya njia ngapi na transfoma imebakiza nafasi kiasi gani. Ukishanunua, umechelewa.

Sasa pampu, maana hapa ndipo hela ya vijana inaungulia kwenye petroli. Ekari 1 ya mboga wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, inataka kama lita 20,000 kwa siku, yaani milimita 5 za maji kwenye mita za mraba 4,000. Kuyainua maji hayo mita 20 ni kazi ya kama uniti 1.1 ya umeme. Pampu na mabomba hupoteza nguvu nyingi, kwa hiyo hesabu uniti 2.7. Kwa masaa 4 na nusu ya jua kamili unahitaji wati 600. Ongeza za vumbi na mawingu, weka 800. Hizo ni paneli 2 za wati 400, basi.

Lakini kama unataka kupandisha maji hadi kwenye kibanja kilicho mita 60 juu, zidisha mara 3: wati 2,400, na pampu ya bei nyingine kabisa. Muuzaji akikuuliza ekari tu bila kuuliza mwinuko, muage. Mimi ningelima mboga chini karibu na maji, nje ya mita 60 kutoka ukingoni kama sheria ya mazingira ya 2004 inavyotaka, na kibali cha kutumia maji ningekifuata Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Betri achana nazo. Nunua tanki, liweke mita chache juu ya shamba, jua lijaze mchana, jioni maji yashuke yenyewe kwenye mipira ya matone. Na paneli zifunge kwenye fremu unayoweza kurudisha nyumbani usiku. Wezi wapo.

Bayogesi ni ya jikoni. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na mwenye ng'ombe 2 au 3 wa bandani ana pa kuanzia. Kilo 40 za kinyesi na lita 40 za maji kwa siku zinatoa gesi ya kuwasha jiko moja kama masaa 4, na tope linarudi kwenye migomba. Ila kama maji mnateka mbali, kiangazi mtambo utalala.

Kabla ya kulipa chochote, pima chanzo chako cha maji mwezi Agosti, siyo Aprili. Kikitoa lita 8,000 kwa siku, lima chini ya nusu ekari, na kwa mwinuko wa mita 20 paneli moja inakutosha.