Safari ya Mashua Wakati wa Kipupwe

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Bwana Mhariri aliniomba niandike somo la Jiografia kwa gazeti letu la muhula huu, somo ambalo halikutoka kitabuni peke yake. Nimechagua pepo na maji ya pwani ya Tanga. Mambo hayo nilisoma darasani, nikayajibu vizuri katika mtihani, kisha nikapanda mashua nikakuta siyajui. Haya nitakayoeleza yalinipata likizo ya Juni iliyopita.

Kila msomaji wa hapa Chome anaijua Juni yetu. Ukungu hushuka kutoka Shengena, ambacho kilele chake kina mita 2,462 juu ya usawa wa bahari, nasi bwenini hulala kwa mablanketi mawili, na maji ya kunawa alfajiri huuma vidole. Mwezi huo huo watoto wa Pangani huoga baharini wakicheka. Maji ya bahari kule hata Julai na Agosti, ambayo ndiyo miezi yao ya baridi, huwa karibu nyuzi 25 za Selsiasi. Sababu moja ni kwamba sisi tuko juu nao wako chini. Sababu ya pili ni tabia ya maji yenyewe. Ili kilo moja ya maji ipande joto kwa nyuzi moja, yahitajika jouli 4,200. Kilo moja ya mchanga mkavu hutosheka na kama jouli 800 tu. Kwa hiyo nchi kavu hupata joto upesi na kulipoteza upesi, bali bahari hukawia kupata na kukawia kupoteza. Wasomaji waikumbuke tarakimu hiyo, maana tutaihitaji tena usiku tukiwa baharini.

Mama yangu mdogo ameolewa Pangani, na mumewe, ambaye mimi humwita Baba mdogo, ni nahodha wa mashua yake mwenyewe. Vyombo vingi siku hizi hufungwa mashine, lakini chake hakina. Husema upepo haumdai fedha. Aliponialika niende naye Tanga kupeleka nazi, mama alikataa kwanza. Alitaja Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na Skagit, iliyozama tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. "Zote mbili wakati wa kusi," alisema, na ni kweli. Tena alijua, kama ninavyojua mimi, kwamba sijui kuogelea. Nani katika bweni letu anajua? Niliuliza wote tuliporudi shuleni, na walionyosha mkono walikuwa watatu.

Baba mdogo alimpigia mama simu akamwahidi kwamba nitavaa jaketi la kuokolea tangu pwani hadi pwani, na kwamba hatatweka tanga siku ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa imeonya juu ya upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa au mawimbi yanayozidi mita 2. Mama akanyamaza, na kunyamaza kwake tulikuhesabu kuwa ruhusa.

Sasa nieleze pepo. Kuanzia Desemba mpaka Machi hivi huvuma kaskazi, kutoka upande wa Bara Arabu na Bara Hindi, ambako wakati huo ni baridi na hewa yake ni nzito. Baadaye jua huhamia kaskazini, nchi za Asia hupata joto kali, hewa yake hupanda juu, na hewa ya kusini huvutwa kwenda kujaza nafasi ile. Hiyo ndiyo kusi. Huanza kama Aprili, na Juni na Julai huwa kali kabisa. Kipindi cha katikati, upepo ukiwa haujaamua, mabaharia hukiita malelezi. Kwa njia hii majahazi ya Arabuni yalikuja kwetu kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Zaidi ya hayo, maji yenyewe hutembea: kando ya pwani yetu mkondo wa bahari huenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi huongeza mwendo. Basi mwezi wa Juni anayetoka Pangani kwenda Tanga husukumwa na upepo nyuma na kuchukuliwa na maji chini. Anayerudi asitarajie kusaidiwa na chochote.

Tulitoka Pangani saa kumi na moja alfajiri. Mimi nilidhani tungetoka maji yakikupwa, ili yatuchukue nje ya mto bure. Kumbe sivyo. Wakati wa bamvua maji ya pwani ile hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yakikupwa, mto wote hukimbilia baharini pamoja nayo. Hapo mdomoni yanakutana na kusi inayoingia, na mawimbi husimama wima juu ya fungu la mchanga. Nahodha hungoja maji yajae yatulie, halafu hupita katika ile nafasi fupi kabla hayajageuka.

Safari ya kwenda ilikuwa tamu. Mashua ni ya mbao, futi 24, mlingoti wake umeinama mbele, na tanga la pembetatu linaning'inia katika foromali. Tulikuwa wanne: Baba mdogo, mabaharia wawili, na mimi. Kusi ilitushika kwa nyuma, upande wa kulia kidogo, na jua lilipopanda nilifundishwa kusoma maji kwa rangi: kijani cheupe ni mchanga, hudhurungi ni mwamba, buluu nzito ni kina. Saa sita kasoro tulikuwa tumeingia bandari ya Tanga.

Njiani tulipita mbele ya Tongoni, penye msikiti uliobomoka na makaburi ya kale yenye nguzo. Nataka nisimame hapo kidogo. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikianza, pamoja na rubani aliyejua njia, akavuka bahari hadi India kwa siku 23 hivi. Kurudi hakungoja kaskazi itulie. Alikaa baharini karibu miezi mitatu, akipigana na shwari na pepo za mbele, na mabaharia wake wengi wakafa kwa kiseyeye. Waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vitatu. Basi Januari 1499 wakaichoma merikebu yao moja, São Rafael, katika maji haya haya ya Tongoni, palepale ilipokuwa imepanda mwamba wakati wa kwenda. Darasani tulikariri miaka hiyo kama nambari za simu. Hakuna aliyetuambia kwamba tofauti ya siku 23 na miezi mitatu ni mwezi uliochagua kung'oa nanga.

Tuliuza nazi, tukapakia unga, sukari, na mifuko minne ya saruji ambayo jirani wa Pangani alimwagiza Baba mdogo. Saruji ililazwa chini kabisa, juu ya mbao za sakafu, ikafunikwa turubai, ili iwe pia farumi ya kutuliza chombo.

Tuliondoka Tanga saa nane usiku. Hapa ndipo ile tarakimu ya jouli inaporudi. Usiku nchi kavu imekwisha kupoa na bahari bado ina joto; hewa ya juu ya bahari hupanda, na hewa baridi ya barani hutelemka kushika nafasi yake. Upepo huo huitwa umande. Haufiki mbali, wala hauna nguvu nyingi, lakini hutoka magharibi, yaani ubavuni kwa mtu anayekwenda kusini, na ubavuni ndipo tanga linapopenda. Kusi nayo usiku hulegea karibu na pwani. Baba mdogo haendi kusini kwa nguvu. Huiba njia wakati kusi imelala. Nilivaa sweta la shule chini ya jaketi, na nilipotia mkono majini niliyakuta na joto kuliko hewa.

Kulipopambazuka umande ukafa, na kwa muda tanga lilining'inia kama nguo kambani. Kisha kusi ikaamka, nasi bado hatujafika Kigombe. Ilitubidi tubishe. Kubisha ni kwenda pogo, mara upande huu, mara upande huu, kwa kuwa hakuna chombo cha tanga kinachoweza kwenda usoni mwa upepo. Wanafunzi wa Fizikia wataelewa: upepo hulisukuma tanga kwa ubavu, mkuku ulio chini ya maji hukataa kwenda ubavu, na chombo huchomoka mbele kama mbegu ya chungwa inavyochomoka ukiibana kwa vidole viwili. Lakini mashua yetu hukubali mpaka kiasi fulani tu. Upepo ulitoka kusini-mashariki. Mkono mmoja wa pogo ulitupeleka kusini vizuri, ila ulitusogeza kwenye miamba ya pwani; mkono wa pili ulitutoa nje baharini, na kwa sababu ya mkondo tulikuwa karibu kurudi Tanga. Tena kila tukigeuza, foromali lazima ipitishwe mbele ya mlingoti, nayo haipitishwi ila chombo kimepewa upepo wa nyuma, kwa hiyo kila mgeuzo ulitula sehemu ya njia tuliyoipata kwa jasho.

Mimi nilipewa kamba ya demani. Hiyo ndiyo inayoshika pembe ya nyuma ya tanga: ukiivuta tanga hukaza, ukiilegeza upepo humwagika. Nilikuwa nimeishika zaidi ya saa nzima, viganja vikianza kuchubuka. Nikaona mbele yangu kibao cha kukalia, imara kabisa. Nikaizungusha kamba pale, nikaifunga fundo, nikafurahia akili yangu.

Wingu dogo la mvua lilitujia upande wa kushoto. Upepo uliongezeka ghafula, kama mtu anayesukuma mlango kwa bega. Mashua ikalala kulia. Baba mdogo akasukuma kana ili omo iuelekee upepo, huku akipiga kelele, "Legeza! Legeza!" Nilikuwa na mikono miwili na kucha kumi, na fundo lilikuwa limekaza kama chuma. Ukingo wa kulia ukaingia majini, na bahari ikamiminika ndani, kijani, bila haraka. Nakumbuka nikifikiri kwamba mama alikuwa amesema kweli. Baharia mdogo aliruka juu ya magoti yangu akaikata kamba kwa kisu. Tanga likapiga makofi hewani, na mashua ikainuka, maji yakiwa yamenifika juu ya vifundo vya miguu.

Baharia mkubwa akanitupia dumu la lita tano lililokatwa mdomo, akasema, "Ngamani, mwanafunzi!"

Katika daftari langu la Kidato cha Pili imeandikwa methali "Tezi na omo, marejeo ni ngamani", na chini yake maana tuliyopewa, kwamba mtu ajapokwenda mbali vipi, mwisho hurudi alikoanzia. Nilipata alama zote. Sikuuliza tezi ni nini wala omo ni nini, na nadhani hata leo wengi katika darasa letu hawajui. Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni ya mbele, na ngama ni lile bonde la chini ambamo maji yote yanayoingia hukusanyika. Baharia huenda tezi kushika kana, huenda omo kutazama miamba, lakini hapana budi arudi ngamani kufua maji, maana chombo cha mbao huvuja hata siku ya shwari. Nilifua mpaka tunaingia Kigombe saa tano, na kila nikiinua mgongo nilikuta yale yaliyoko nyuma yameshuka kuja kwangu.

Baba mdogo hakusema neno njiani. Huko Kigombe, baada ya kuanika unga uliolowa, alinikalisha mchangani, akanipa kipande cha kamba. "Mwanangu," alisema, "demani haifungwi. Hushikwa. Ukichoka, sema umechoka, mwingine ataishika." Akanionyesha namna ya kuizungusha mara moja tu katika kibao, bila fundo, ili mbao ibebe uzito na mkono ubaki mwepesi kuachia. Akanitaka nifanye mara nyingi, macho yamefumbwa.

Usiku uliofuata alinipa demani ile ile, iliyoungwa palipokatwa, nikaishika kwa umande kutoka Kigombe hadi mdomo wa Pangani. Tulifika mapema mno, ikatubidi kungoja nje mpaka maji yajae. Kulipokucha niliona maji ya mto yakitoka na rangi ya udongo, yakiikata bahari kwa mstari. Mto huo hupokea maji ya pande zote mbili za milima yetu, mengine moja kwa moja na mengine kwa njia ya Mkomazi, kwa hiyo katika rangi ile palikuwamo na udongo wa mashamba ya Chome.

Mifuko miwili ya saruji ilikuwa imelowa kabisa. Baba mdogo alimlipa jirani thamani yake bila kunitaja, na mimi nilikuja kujua kwa mama mdogo tu. Saruji iligandia ndani ya mifuko yake ikawa mawe mawili yenye umbo la mto wa kulalia. Nilipoondoka kurudi shuleni, mama mdogo alikuwa ameyaweka uani karibu na pipa la maji, na anafulia nguo juu yake.